Mvinyo wa Dodoma na chakula cha kwetu: mwongozo kamili kutoka kiwandani hadi mezani

Mvinyo wa Dodoma, mara nyingi, huharibika baada ya kutoka kiwandani. Chupa hukaa wiki kadhaa kwenye rafu ya duka inayopigwa na jua, husafirishwa ndani ya buti la gari, hufunguliwa ikiwa na joto la mchana wa Dar es Salaam, kisha hunywewa pamoja na samaki wa kukaanga aliyepakwa pilipili, na mnywaji huhitimisha kwamba mvinyo wa nyumbani ni mkali na hauna ladha. Mwongozo huu unamfuata mnunuzi wa kawaida hatua kwa hatua, tangu anapouliza maswali kwa mtengenezaji mdogo hadi anapopakua chakula, kwa kuwa ninaamini kwamba nusu ya ubora wa mvinyo huu iko mikononi mwa yule anayeununua.

Nitatumia neno mvinyo, ingawa kanisani utasikia divai na mitaani utasikia waini. Wazee wa pwani waliita hata pombe kali mvinyo. Hapa nazungumzia maji ya zabibu yaliyochachuka, basi.

Hatua ya kwanza: ujue msimu wa zabibu

Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, katika nyanda zenye mwinuko wa karibu mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mahali penye mvua chache, jua jingi na usiku unaopoa. Mizabibu ililetwa na wamisionari Wakatoliki, na misheni ya Bihawana, iliyo nje kidogo ya mji, hutajwa kila historia hiyo inaposimuliwa. Leo mashamba yametapakaa katika maeneo kama Hombolo, Makutupora, Veyula, Mpunguzi, Mvumi na Chinangali, mengi yakiwa ya wakulima wadogo, na kituo cha Makutupora cha TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, ndicho kinachoshughulikia aina za mbegu na mafunzo ya kilimo chake.

Jambo linaloitofautisha Dodoma na Ulaya ni kwamba mzabibu wa huku haulali. Kule baridi huangusha majani na kuupumzisha mmea kwa miezi kadhaa, kwa hiyo mavuno ni mara moja kwa mwaka. Hapa mkulima ndiye anayeanzisha msimu kwa kisu cha kupogolea: akikata matawi, mmea huchipua, huchanua na kuzaa upya, na baada ya miezi minne hivi zabibu huwa tayari. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili, mara ya kwanza kati ya Februari na Aprili, mara ya pili kati ya Agosti na Septemba.

Misimu hiyo miwili haitoi mvinyo mmoja. Zabibu za mwanzo wa mwaka hukomaa mvua zikiwa bado zinanyesha. Punje huvimba maji, sukari hupungua, na magonjwa ya ukungu, yaani ubwiri unga na ubwiri vinyoya, humlazimisha mkulima ama kupulizia dawa mara kwa mara au kuvuna kabla ya wakati. Zabibu za Agosti na Septemba hukomaa katika ukavu na usiku wa baridi, hivyo huwa na sukari nyingi zaidi, rangi nzito na ganda lenye afya. Mtengenezaji hodari anaweza kutoa mvinyo mzuri katika msimu wowote, lakini mimi nikipewa nafasi ya kuchagua bila kuonja, huchagua wa kiangazi.

Kuhusu aina, utakayokutana nayo zaidi ni Makutupora, zabibu nyekundu iliyochukua jina la mahali ilipozoeleka. Kwa mvinyo mweupe, Chenin Blanc ndiyo inayotawala. Wapo pia wanaopanda Syrah na Cabernet Sauvignon, na huko Hombolo, ambako mtaji wa Kiitaliano uliingia kupitia kampuni ya CETAWICO, zilijaribiwa hata aina za kaskazini mwa Italia kama Teroldego.

Hatua ya pili: nenda kiwandani, uulize

Kiwanda kidogo cha mvinyo Dodoma kinaweza kuwa chumba kimoja chenye matangi ya plastiki au ya chuma kisichoshika kutu, mashine ya kuponda zabibu, pampu, chujio na meza ya kufungia vizibo. Wengi wa watengenezaji hawa hawajazi chupa kabisa. Huponda, huchachusha, kisha huuza kwa jumla kile kinachoitwa mchuzi wa zabibu kwa viwanda vikubwa, ambavyo huuchanganya, huusawazisha na kuufunga kwa jina lao. Soko la mchuzi likidorora, matangi hujaa, na msimu unaofuata mkulima hukosa pa kupeleka zabibu. Kwa hiyo unaponunua chupa kutoka kwa mtengenezaji mdogo aliyefika hatua ya kufunga mwenyewe, unanunua kazi ya mtu aliyeamua kutoishia kwenye mchuzi.

Ukifika, omba kuoneshwa mtiririko wa kazi, nawe uufuatilie kwa makini, kwani ndio utakaokueleza ladha utakayoikuta kwenye glasi. Mvinyo mwekundu huchachuka pamoja na maganda yake, kwa kawaida siku tano hadi kumi, na maganda hayo huelea juu na kutengeneza tabaka zito ambalo ni lazima lizamishwe angalau mara mbili kwa siku. Rangi hutoka kwenye ganda, na ukakasi hutoka kwenye ganda na mbegu. Mvinyo mweupe hukamuliwa kwanza, maganda hutupwa, na maji yake peke yake ndiyo huchachushwa, tena kwa ubaridi, vizuri zaidi kati ya nyuzi 15 na 18, ili harufu ya tunda isipotee. Ubaridi huo unataka umeme wa uhakika na mitambo ya kupoza, vitu ambavyo mtengenezaji mdogo hana daima. Ndiyo maana, kwa uzoefu wangu, katika kiwanda kidogo mwekundu huaminika zaidi kuliko mweupe, isipokuwa umeliona tangi la kupoza kwa macho yako.

Hesabu moja itakusaidia kuelewa mazungumzo ya pale. Hamira hugeuza sukari kuwa kilevi, na takriban gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya kilevi. Zabibu yenye gramu 220 kwa lita, basi, ikichachuka hadi mwisho, itatoa mvinyo wa karibu asilimia 13. Mtengenezaji akikwambia kwamba zabibu zake zilikuwa na sukari kidogo ilhali chupa inaonesha asilimia 14, muulize kwa upole kama aliongeza sukari ya dukani. Kuongeza sukari kunafanyika katika nchi nyingi, wala si uovu, bali ni haki yako kujua.

Maswali mengine yanayofaa ni haya: zabibu zilivunwa mwezi gani, zilitumia muda gani kati ya shamba na mashine ya kuponda, mvinyo ulikaa kwenye tangi au kwenye pipa la mwaloni, na sukari iliyobaki ni kiasi gani. La pili ndilo muhimu kuliko yote. Zabibu zilizolala usiku mzima kwenye magunia, zikapasuka na kuanza kuchachuka zenyewe chini ya jua, zitaleta siki hata mtaalamu afanye nini. Anayekujibu haraka kwa saa na siku anaujua mvinyo wake. Na unapoondoka, nusa chumba: harufu ya tunda na hamira ni dalili njema, harufu kali ya siki ni onyo.

Hatua ya tatu: soma lebo kabla ya kulipa

Tafuta alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na stempu ya kielektroniki ya ushuru, ambayo hubandikwa kwenye vinywaji vyenye kilevi nchini Tanzania. Kisha tazama kiwango cha kilevi. Mvinyo wa mezani huwa kati ya asilimia 11 na 14. Ukiona asilimia 16 hadi 20, huo umeongezewa pombe kali, hunywewa kidogo kidogo baada ya chakula, na kanuni nyingi za hatua ya saba hazitauhusu.

Kinachofuata ni utamu. Mkavu maana yake ni kwamba karibu sukari yote imegeuka kilevi. Nusu mkavu na nusu mtamu huacha sukari kiasi. Mtamu huiacha nyingi au huongezewa. Soko la Tanzania limeupenda mtamu kwa muda mrefu, na mtu aliyezoea huo akionja mkavu kwa mara ya kwanza hukunja uso kana kwamba amelamba ndimu. Asikimbie. Tatizo lake litatatuliwa na chakula, kama tutakavyoona.

Mwisho, hakikisha lebo inasema kinywaji kimetokana na zabibu. Vipo vinywaji vya rangi nyekundu vyenye kilevi kilichochanganywa na ladha, navyo hupangwa rafu moja na mvinyo. Sheria ya ushuru wa bidhaa Tanzania huuweka mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani katika kundi la ushuru nafuu, kwa hiyo mtengenezaji anayetumia zabibu za Dodoma ana sababu ya kulisema hilo waziwazi.

Hatua ya nne: safirisha na utunze

Niliwahi kununua chupa sita, nikaziweka kwenye buti na kusimama njiani kula, gari likiwa juani kwa saa mbili. Nilipofika nyumbani, vizibo viwili vilikuwa vimesukumwa nje kwa upana wa ukucha na mvinyo umevuja shingoni. Zile nne ambazo hazikuvuja nazo zilionja kama jamu iliyoungua. Joto hutanua kimiminika, husukuma kizibo, hewa huingia, na harufu ya tunda hupikika. Tangu hapo chupa husafiri nami ndani ya gari, sakafuni, upande wa kivuli, zikiwa zimefungwa kwa taulo lenye unyevu. Katika basi, zibebe miguuni. Usikubali ziende kwenye sehemu ya mizigo chini ya gari.

Nyumbani, adui ni watatu: joto, mwanga na kubadilikabadilika kwa joto. Jikoni ndiko mahali pabaya kuliko pote, na juu ya friji ni pabaya zaidi, kwani mashine yake hutoa joto mchana na usiku. Uvungu wa kitanda katika chumba kisichopigwa na jua la jioni unafaa kuliko kabati zuri la sebuleni. Chupa ya kizibo cha gome ilazwe ili kizibo kisikauke. Ya kifuniko cha kuzungusha inaweza kusimama. Aliye Dodoma ana bahati ya hewa kavu: chupa iliyoviringishwa kwa kitambaa kibichi na kuwekwa penye upepo hupoa kama maji ya mtungi, kwa sababu maji yanayokauka huchukua joto. Aliye Tanga au Mombasa asihangaike na njia hiyo, maana unyevu wa pwani hauruhusu kitambaa kukauka upesi.

Wala usiuweke miaka. Mvinyo mwingi wa Dodoma umetengenezwa unywewe mapema, mweupe ndani ya mwaka mmoja au miwili, mwekundu ndani ya miwili au mitatu. Imani kwamba kila mvinyo hunoga kwa kuzeeka imeharibu chupa nyingi za harusi zilizohifadhiwa kwa nia njema.

Hatua ya tano: upoze, hata mwekundu

Vitabu vya Ulaya husema mvinyo mwekundu unywewe ukiwa na joto la chumba. Chumba kilichokusudiwa ni cha nyumba ya mawe katika nchi ya baridi, chenye nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari kina nyuzi 30, na kwa joto hilo kilevi huruka puani, utamu huchosha na ukakasi huonekana mchafu. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine yote, hata katika mikahawa inayojiheshimu.

Mwekundu uupoze hadi nyuzi 16 hivi: saa moja hadi moja na nusu ndani ya friji ikiwa chupa ilikuwa na joto la chumba, au dakika kumi katika ndoo yenye barafu na maji. Maji ni lazima yawepo, kwani barafu peke yake huigusa chupa sehemu chache tu. Ongeza konzi ya chumvi na kazi itakwenda haraka zaidi. Mweupe na ule mtamu hunywewa kwa nyuzi 8 hadi 10, yaani saa tatu au nne za friji, au dakika 25 hadi 30 za ndoo. Usitie barafu ndani ya glasi. Kama utamu umekuzidi, kosa lilifanyika dukani.

Hatua ya sita: onja kabla ya wageni

Fungua chupa robo saa kabla, mimina kidogo, nusa, kisha onja na uuzungushe mdomoni. Jiulize mambo manne. Mate yanakutoka kwa wingi pembeni mwa ulimi? Huo ni uchachu. Ufizi umekauka na kukaza kama uliyekula ndizi mbichi? Huo ni ukakasi. Koo lina moto? Hicho ni kilevi. Ulimi unaona sukari? Huo ni utamu. Mtu akiweza kuyataja haya manne hahitaji kujua kama mvinyo unanukia zambarau au ngozi ya kiatu, maana haya manne ndiyo yanayokutana na chakula.

Ukinusa siki kali, rangi ya kucha au boksi lililolowa maji, chupa imeharibika. Mwekundu uliogeuka rangi ya matofali ilhali ni wa mwaka jana umepata joto au hewa. Mvinyo mkavu unaotoa mapovu bila kukusudiwa umechachuka tena ndani ya chupa. Rudisha chupa ulikoinunua, kwa heshima na ukiwa na risiti. Mtengenezaji makini hupenda kujua.

Hatua ya saba: anza na mchuzi, nyama ifuate

Kanuni ya zamani inasema mwekundu kwa nyama nyekundu, mweupe kwa samaki na kuku. Kwetu kanuni hiyo haifiki mbali, kwa sababu chakula chetu hakitawaliwi na nyama. Kuku wa nazi na kuku wa kuchoma ni vyakula viwili tofauti kabisa, na kilichowatofautisha ni mchuzi na moto. Kwa hiyo, jiulize kwanza: kinachotawala sahani hii ni moshi, mafuta, nazi, uchachu, pilipili au sukari?

Moshi na chumvi. Nyama choma ya mbuzi au ng'ombe ndiyo rafiki wa kweli wa mwekundu mkavu. Ukakasi hushikamana na protini na mafuta ya nyama badala ya kushikamana na mate yako, chumvi huulainisha zaidi, na harufu ya mkaa hukutana na ile ya pipa kama mvinyo ulipitia humo. Yule aliyekunja uso kwa mvinyo mkavu aupewe hapa, baada ya pande la pili la nyama, wala si kabla. Makutupora mkavu unatosha. Kwa mbavu zenye mafuta, Cabernet Sauvignon au Syrah hustahimili zaidi. Mishkaki iliyolazwa katika tangawizi, kitunguu saumu na papai huwa laini na yenye viungo, nayo hupendelea mwekundu usio na ukakasi mwingi.

Hapo kuna mtego mmoja: pilipili. Kilevi huongeza moto wake, na ukakasi huufanya uume zaidi. Kachumbari yenye pilipili mbuzi iwekwe kando, kila mtu ajipakulie. Usiimwage juu ya nyama kisha umlaumu mtengenezaji. Ikiwa meza yako haiwezi kukaa bila pilipili, achana na mkavu wenye asilimia 14, uchukue nusu mtamu wenye asilimia 11 au 12, uliopozwa vizuri. Sukari huzima moto, na hapo mvinyo ule ambao wajuzi huudharau hushinda ule wanaousifu.

Mafuta. Kitimoto ya kukaanga pamoja na ndizi, kitunguu na ndimu, kwa wanaoila, humtaka Chenin Blanc mkavu na baridi. Uchachu wake hukata mafuta jinsi ndimu inavyofanya, na kila funda hukurudishia hamu ya kula. Vivyo hivyo kwa sato wa kukaanga, chipsi mayai, sambusa na bagia. Usimpe samaki mvinyo mwekundu: madini ya chuma yaliyomo huchangamana na mafuta ya samaki na kuacha shombo mdomoni, na kwa dagaa, ambao mafuta na harufu yao ni vingi, shombo hilo halivumiliki.

Nazi. Tui zito lina mafuta na utamu wake wa asili, na utamu huo huufanya mvinyo mkavu sana uonekane mchachu kupita kiasi. Kuku wa kupaka, maharage ya nazi, kisamvu cha nazi na karanga, vyote hupendelea mweupe wenye utamu wa mbali, nusu mkavu, ambao haupungukiwi na uchachu. Samaki wa kupaka ana jambo la ziada, yaani ukwaju. Chakula chenye uchachu hufanya mvinyo usio na uchachu uwe kama maji, kwa hiyo mvinyo ni lazima uwe mchachu angalau sawa na mchuzi. Chenin Blanc iliyovunwa mapema kidogo hufanya kazi hii kuliko yoyote nyingine niliyojaribu.

Viungo visivyowasha. Pilau ina karafuu, mdalasini, iliki, bizari na pilipili manga, yaani harufu nyingi bila moto mwingi. Syrah ina harufu ya pilipili manga kwa asili yake, na wali uliokaangiwa vitunguu hadi vikawa kahawia una utamu unaoupokea mwekundu laini. Biriani, kwa sababu ya mtindi na nyanya, ni ngumu zaidi. Ningempa mwekundu mwepesi uliopozwa hadi nyuzi 14, au rozi, yaani mvinyo wa rangi ya waridi, kama mtengenezaji anao.

Sasa nije kwenye chakula cha Wagogo wenyewe, ambacho orodha za mikahawa hukisahau. Ugali wa uwele au mtama kwa mlenda ni mtihani mzuri. Mlenda hupikwa kwa magadi, na magadi hupunguza uchachu mdomoni. Huteleza na kuufunika ulimi. Mara nyingi hutiwa karanga. Mwekundu wenye ukakasi hapo hugeuka uchungu. Mweupe mkavu, mchachu na baridi sana husafisha ulimi na kurudisha uhai uliochukuliwa na magadi. Mlenda ukiandamana na nyama iliyokaushwa, bado nabaki na mweupe, kwa kuwa mlenda ndio unaotawala sahani. Ndizi nyama na mtori, kwa upande mwingine, vina utamu wa wastani na mafuta ya nyama yaliyochemka, na Makutupora laini hutosha bila mawazo mengi.

Sukari. Kitamutamu hufuata kanuni moja tu: mvinyo uwe mtamu kuliko chakula. Mkavu mbele ya kaimati au visheti huwa kama siki. Mwekundu mtamu wa Dodoma, ukiwa baridi, hukaa vizuri na kashata za karanga. Ule ulioongezewa pombe kali, kipimo kidogo tu, huenda na keki ya matunda.

Hatua ya nane: pima, na uwafikirie wote waliokaa mezani

Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150. Kwa watu sita wanaokunywa, chupa moja ya mweupe ya kuanzia na mbili za mwekundu kwa nyama zinatosha jioni nzima. Maji ya kunywa yawepo mezani tangu mwanzo. Tanguliza mweupe kabla ya mwekundu, mkavu kabla ya mtamu, mwepesi kabla ya mzito.

Meza zetu huchanganya watu wa imani na desturi mbalimbali, kwa hiyo mambo mawili ni ya lazima. Usipike kwa mvinyo bila kusema, kwani moto haukiondoi kilevi chote na mgeni Mwislamu au aliyeacha pombe ana haki ya kujua. Na andaa kinywaji kisicho na kilevi chenye hadhi ileile: juisi ya rosela isiyotiwa sukari nyingi ina rangi, uchachu na ukakasi kidogo, na huandamana na nyama choma karibu sawa na mwekundu, ya ukwaju hufaa pale ulipopanga mweupe. Imimine katika glasi zilezile. Waliokunywa wasiendeshe, na watoto wasionjeshwe.

Hatua ya tisa: kilichobaki

Chupa iliyofunguliwa, ikifungwa vizuri na kuwekwa kwenye friji, hudumu siku tatu hadi tano, mwekundu nao ukiwemo. Baada ya hapo ifanye siki. Mimina mvinyo uliobaki, usio ule ulioongezewa pombe kali, katika mtungi wa kioo wenye mdomo mpana, ongeza maji theluthi moja ya kiasi chake na vijiko vichache vya siki hai isiyochemshwa, funika kwa kitambaa safi kinachopitisha hewa na uweke mahali penye kivuli na joto. Baada ya wiki kadhaa utando mwembamba utatanda juu. Hao ni bakteria wanaofanya kazi, usiwavuruge. Mwezi wa pili au wa tatu, onja. Ikiwa harufu ya kilevi imekwisha, chuja, ujaze kwenye chupa, na kijiko kimoja kitie kwenye kachumbari ya nyama choma inayofuata, mahali pa ndimu.